Nyongeza ya Dola 42, Benki Zikaingia 24: Hesabu za Wazee Marekani Mwaka 2026

Kila Oktoba, makundi ya WhatsApp ya Waswahili wanaoishi Marekani hupokea ujumbe ule ule: wazee wameongezewa pesa. Mwaka 2025 ujumbe ulichelewa kidogo, maana shughuli za serikali zilikuwa zimesimama na takwimu za bei hazikutoka hadi tarehe 24. Asilimia 2.8, watu wakaandikiana, na emoji za mikono ya kushukuru zikafuata. Januari ilipoingia, mzee aliyekuwa amepiga hesabu ya dola 42 zaidi akakuta kama 24. Maswali yakaanza. Nani kakata? Mbona tuliambiwa hivi? Au ndiyo hiyo kodi mpya?

Hakuna aliyeiba. Shida ni kwamba serikali ya Marekani ina viwango vingi vinavyomgusa mtu wa miaka 62 kwenda juu, na viwango hivyo havitembei pamoja. Vingine hupanda vyenyewe kila Januari bila Kongresi kukaa wala rais kutia saini. Vingine viliandikwa ndani ya sheria kwa tarakimu, miaka 30 au 40 iliyopita, na viko pale pale hadi leo. Habari za redioni na mitandaoni hutangaza vile vinavyosogea, kwa sababu ndivyo habari. Vilivyoganda havitangazwi na mtu, na ndivyo vinavyouma.

Tuanze na majina, kwa sababu mengi huchanganywa hapo. Social Security ni mfuko wa hifadhi ya jamii unaochangiwa kazini: mfanyakazi hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Ili upate mafao ya uzeeni unahitaji pointi 40, na mwaka mmoja hauwezi kukupa zaidi ya pointi nne, kwa hiyo ni kama miaka 10 ya kazi halali. Mwaka 2026 pointi moja inapatikana kwa kila dola 1,890 ulizolipwa. Miaka uliyochangia NSSF, iwe ya Nairobi au ya Dar es Salaam, haiongezi pointi hata moja, kwa kuwa Marekani haina mkataba wa kuunganisha michango na Kenya, Tanzania wala jirani zao.

SSI ni kitu kingine kabisa. Huu ni msaada wa mwezi kwa mtu wa miaka 65 na zaidi, au wa umri wowote asiyeona au mwenye ulemavu, ambaye kipato na mali yake ni kidogo. Pesa zake hutoka kwenye kodi za kawaida, si kwenye michango yako. Unasimamiwa na ofisi ile ile ya Social Security na barua zake zinafanana na zile nyingine, ndiyo maana utamsikia mtu akisema "nalipwa Social Security" kumbe analipwa SSI. Kanuni za huyu si kanuni za yule.

Halafu kuna Medicare, bima ya afya ya waliofikisha miaka 65. Sehemu A ni ya kulazwa hospitali, na aliyechangia pointi zake 40 halipii ada ya mwezi. Sehemu B ni ya daktari, vipimo na kliniki, na hii ina ada. Sehemu D ni ya dawa. Shika hiyo Sehemu B, ndiyo mkataji wetu.

Nyongeza ya kila mwaka inaitwa COLA. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1972 wakati wa Rais Nixon na ikaanza kufanya kazi yenyewe mwaka 1975. Kabla ya hapo wazee walisubiri Kongresi ijisikie vizuri. Hesabu ni fupi kuliko inavyoonekana. Serikali ina kipimo cha bei za vitu vinavyonunuliwa na familia za wafanyakazi wa mijini: chakula, pango, petroli, nguo na kadhalika. Inachukua wastani wa Julai, Agosti na Septemba mwaka huu, inaulinganisha na wastani wa miezi hiyo hiyo ya mwaka wa mwisho uliokuwa na nyongeza, na asilimia iliyopanda ndiyo COLA. Bei zisipopanda hakuna kitu: mwaka 2010, 2011 na 2016 nyongeza ilikuwa sifuri. Zikifumuka, nayo inafumuka: asilimia 8.7 kwa mwaka 2023, baada ya bei za 2022 zilizowatoa watu jasho. Mwaka 2024 ikarudi 3.2, mwaka 2025 ikawa 2.5, na sasa 2.8.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba rais fulani amewaongezea wazee, au amewabania, anakuuzia siasa. Hakuna rais anayeichagua asilimia hiyo. Na asilimia kubwa si neema. Ni taarifa kwamba ulishaumia sokoni mwaka mzima na sasa unarudishiwa kwa kuchelewa. Jambo ninaloliona la haki kulilalamikia ni kipimo chenyewe, maana kinafuata matumizi ya mtu anayekwenda kazini. Mzee wa miaka 78 hanunui petroli nyingi, ila analipia dawa na madaktari, na bei hizo zina kichwa chao. COLA haiombwi wala haijazwi fomu. Anayekupigia simu akitaka namba zako "ili nyongeza iingie" ni tapeli, mkatie simu.

Kwa wenzetu walioko nyumbani, hili la kupanda kwenyewe linaweza kuonekana kama anasa. Inua Jamii ya Kenya huwalipa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na kiasi hicho kilikuwa hicho hicho programu ilipofunguliwa kwa wazee wote wa umri huo mwaka 2018. Unga haukusubiri. Zanzibar ilianza pensheni jamii ya shilingi 20,000 mwaka 2016, na kuifikisha 50,000 ulihitajika uamuzi wa viongozi. Marekani, kwa upande wa mafao, walilitoa jambo hilo mikononi mwa wanasiasa wakaliachia kikokotoo.

Sasa turudi kwa mzee wetu wa dola 42. Mwaka 2025 mafao yake yalikuwa dola 1,500 kwa mwezi. Asilimia 2.8 ya hizo ni dola 42, kwa hiyo 2026 mafao ni 1,542. Hadi hapo ujumbe wa WhatsApp ulikuwa sahihi. Lakini mzee ana Medicare, na ada ya Sehemu B hukatwa juu kwa juu kabla pesa haijafika benki. Mwaka 2025 ada ilikuwa dola 185. Mwaka 2026 ni 202.90. Toa 185 kwenye 1,500, zinabaki 1,315. Toa 202.90 kwenye 1,542, zinabaki 1,339.10. Tofauti ni dola 24 na senti 10. Nyongeza ilikuja yote, ila dola 17.90 zilipitia mlango wa pili.

Ada ile haifuati COLA. Inapangwa na Medicare kwa kuangalia gharama za matibabu zinazotarajiwa, na mwaka huu imepanda kwa karibu asilimia 10 huku mafao yakipanda kwa 2.8. Ni viwango viwili vinavyosogea kila Januari, kila kimoja kwa mwendo wake, na vinakutana kwenye akaunti moja. Wastani wa mafao ya mstaafu umepanda kwa takriban dola 56, kutoka 2,015 hadi 2,071. Ada ni ile ile kwa walio wengi, mwenye mafao ya 3,000 na mwenye 700, hivyo mwenye kidogo ndiye anayeisikia.

Na mwenye kidogo sana? Hapa sheria ina ulinzi ambao watu wachache wanaujua: kupanda kwa ada ya Sehemu B hakuruhusiwi kupunguza kile ulichokuwa ukipokea mkononi mwaka uliopita. Chukua bibi mwenye mafao ya dola 600. COLA yake ni dola 16.80, pungufu ya zile 17.90. Ada yake itapandishwa mpaka ile 16.80 imezwe, basi. Hatapata senti ya ziada, lakini hatapunguziwa pia. Ulinzi huu haumhusu anayeingia Sehemu B mwaka huo huo kwa mara ya kwanza, wala anayelipa ada ya juu kwa sababu ya kipato kikubwa, wala ambaye ada yake inalipwa na jimbo kupitia Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo. Huyo wa mwisho hana haja nao: kwa kuwa ada hailipi yeye, COLA yote inamfikia.

Tuje kwa wanaofanya kazi bado, na katika jamii yetu ni wengi. Mama wa miaka 64 anayehudumia kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku, magoti yanauma, ameamua kuanza kuchukua mafao mapema huku akiendelea na kazi. Inaruhusiwa kuanzia miaka 62. Ila kwa aliyezaliwa 1960 au baadaye, umri kamili wa kustaafu ni miaka 67, na kabla ya hapo kuna kikomo cha mshahara. Mwaka 2026 ni dola 24,480, kutoka 23,400 mwaka uliotangulia. Ukipitisha, kwa kila dola mbili za ziada inazuiwa dola moja ya mafao.

Tuseme mama huyu atalipwa dola 34,480 mwaka huu. Amezidi kwa 10,000, kwa hiyo 5,000 zitazuiwa. Mafao yake ni 1,250 kwa mwezi. Ofisi haimkati kidogo kidogo. Inazuia malipo mazima mpaka deni liishe. Malipo ya Januari, Februari, Machi na Aprili hayatokei kabisa, ya Mei yanaendelea kama kawaida. Hapo ndipo simu za kilio hupigwa: "Wamenifungia!" Hawajamfungia, na pesa ile haijapotea. Akifika umri kamili, mafao yake yatakokotolewa upya kana kwamba alianza kuchukua miezi minne baadaye, na kiasi cha mwezi kitakuwa kikubwa zaidi maisha yake yote. Kuanzia mwezi anaofikisha umri huo, kikomo kinaondoka, afanye zamu anazotaka. Kwa mwaka wenyewe wa kufikisha kuna kikomo kilicholegea zaidi, dola 65,160, na kinachozuiwa ni dola moja kwa kila tatu.

Kinachohesabiwa hapa ni mshahara na faida ya biashara unayoiendesha mwenyewe. Nyumba yako ya kupangisha Syokimau au Kimara haiingii kwenye kikomo hiki, wala pensheni, wala riba. Usifurahi mapema, maana kwenye kodi vyote hivyo vinaingia, na kodi ndiko tunakokwenda sasa.

Mpaka mwaka 1983 mafao ya Social Security hayakutozwa kodi ya mapato ya taifa. Mfuko ulikuwa unakaukiwa, Kongresi ikapitisha mageuzi, na kuanzia 1984 sehemu ya mafao ikaanza kuhesabika kama kipato kwa wenye uwezo. Mwenye uwezo alifafanuliwa hivi: chukua kipato chako kingine chote, ongeza riba hata ile isiyotozwa kodi, ongeza nusu ya mafao yako. Jumla ikipita dola 25,000 kwa mtu asiye na mwenzi, au 32,000 kwa wanandoa wanaojaza ritani ya kodi pamoja, hadi nusu ya mafao inaweza kutozwa. Mwaka 1993 ikaongezwa ngazi ya pili: ukipita 34,000, au 44,000 kwa wanandoa, hadi asilimia 85 ya mafao.

Viwango hivyo vinne havijasogezwa hata dola moja tangu vilipoandikwa. Dola 25,000 za mwaka 1984 zilikuwa kipato cha mtu aliyejiweza. Leo mtu mwenye pensheni ndogo na mafao ya wastani anaifikia bila jasho, na kila COLA inamsogeza karibu zaidi. Ni kama mtoto aliyeshonewa sare darasa la kwanza na mpaka darasa la saba hajashonewa nyingine: hakuna aliyeikata, yeye ndiye amekua. Ukitaka kuijua siasa ya kodi ya Marekani, tazama pale ambapo Kongresi haikuandika maneno "itarekebishwa kwa mfumuko wa bei." Kutoandika huko ni ongezeko la kodi lisilopigiwa kura.

Kuna uzushi wa aina mbili hapa. Wa kwanza ni kwamba mzee anaweza kukatwa kodi ya asilimia 85. La. Asilimia 85 ni sehemu ya mafao inayoingizwa kwenye hesabu ya kipato. Kodi yenyewe kisha inapigwa kwa viwango vya kawaida, na kwa wengi wa watu wetu hiyo ni asilimia 10 au 12. Uzushi wa pili ulizaliwa Julai 2025: kwamba sheria mpya iliyotiwa saini tarehe 4 mwezi huo imefuta kodi ya Social Security. Haikufuta. Kanuni ya 1983 na ya 1993 zipo vile vile. Ilichofanya ni kuwapa wenye miaka 65 na zaidi nafuu ya dola 6,000 kwa kila mtu ya kupunguza kipato kinachotozwa kodi, kwa miaka ya 2025 hadi 2028. Nafuu hiyo huanza kupungua kwa mwenye kipato cha zaidi ya dola 75,000, au 150,000 kwa wanandoa. Aliyeanza kuchukua mafao akiwa na miaka 62 haipati mpaka atimize 65, hata kama mafao yake yanatozwa kodi. Ndiyo maana huwezi kusema kodi imefutwa.

Ukiweka namba inaeleweka haraka. Mzee wa miaka 68, mjane, anapata mafao ya dola 24,000 kwa mwaka na pensheni ya kampuni ya dola 20,000. Jumla ya kipimo chake ni 20,000 na nusu ya mafao, 12,000, yaani 32,000. Amepita 25,000 kwa dola 7,000, na katika ngazi hii nusu ya ziada ndiyo inayoingia: 3,500. Kipato cha kuanzia hesabu ya kodi ni 23,500. Sasa anaanza kutoa. Kiasi cha kawaida kisichotozwa kodi kwa mtu mmoja mwaka 2026 ni 16,100, na mwenye miaka 65 bila mwenzi anaongezewa 2,050. Hizo ni 18,150. Zinabaki dola 5,350, ambazo kwa asilimia 10 zingekuwa kodi ya dola 535. Akiongeza ile nafuu ya 6,000, hakibaki kitu cha kutoza. Kwa huyu, ujumbe wa "hakuna kodi" umetokea kuwa kweli kwa matokeo ingawa si kweli kwa sheria. Mwaka 2029, kama Kongresi haitagusa kitu, kodi yake inarudi.

Angalia pia mchanganyiko ulio ndani ya hesabu hiyo moja. Ile 16,100 na ile 2,050 husogea kila mwaka na bei. Ile 25,000 imeganda. Ile 6,000 haisogei na ina tarehe ya kufa. Aina tatu za namba kwenye karatasi moja, halafu tunashangaa mzee akisema haelewi.

Kwa SSI, mgando ni mkali zaidi. Malipo ya juu kabisa yanafuata COLA: mwaka 2026 ni dola 994 kwa mtu mmoja na 1,491 kwa wanandoa, kutoka 967 na 1,450. Lakini mali unayoruhusiwa kuwa nayo ni dola 2,000, au 3,000 kwa wanandoa, na viwango hivyo ni vya mwaka 1989. Nyumba unayoishi haihesabiwi, wala gari moja. Pesa benki zinahesabiwa, na zinatazamwa mwezi unapoanza tu: aliyelala na dola 2,050 kwenye akaunti usiku wa kuamkia tarehe mosi hana haki ya malipo ya mwezi huo. Kama zililipwa, barua ya kudai zirudishwe itakuja, wakati mwingine baada ya mwaka.

Wanaoingia kwenye shimo hili mara nyingi huingizwa na wema. Kijana anaweka jina la mama yake kwenye akaunti ya pamoja ili mama aweze kutoa pesa ya matumizi. Kwa macho ya SSI, akaunti ile yote ni ya mama mpaka kijana athibitishe vinginevyo. Au mzee anajibana ili anunue tiketi ya kwenda Bukavu au Mombasa, na tiketi inapokaribia, ndipo anapopita kiwango. Shamba la nyumbani nalo linahesabika ikiwa ni lake na anaweza kuliuza. Mali haiachi kuwa mali kwa kuwa iko ng'ambo ya bahari.

Na kabla ya hayo yote, wengi hawafiki kwenye SSI. Mzazi aliyeletwa na mtoto wake kwa kadi ya kijani kwa kawaida hapati msaada huu mpaka awe raia, au awe na pointi 40, zake pamoja na za mwenzi wake. Mkimbizi, na hapa nawafikiria wazee wetu kutoka Kongo waliopelekwa Texas, Kentucky au Iowa, anaweza kupata kwa miaka saba. Baada ya hapo, asipopata uraia, malipo hukatika katika hali nyingi. Kwa mzee wa miaka 72 anayejifunza maswali ya uraia kwa lugha ya nne maishani mwake, miaka saba si mingi, na hakuna COLA inayoirefusha.

Kwa walimu, wauguzi na watumishi wa serikali waliohamia Marekani wakiwa watu wazima kuna habari njema ambayo haikutangazwa kwa Kiswahili ipasavyo. Kulikuwa na kanuni iliyopunguza mafao ya Social Security kwa mtu mwenye pensheni ya kazi ambayo haikuchangia mfuko huo, na pensheni za nje ya nchi zilikuwemo. Mwalimu aliyestaafu Kenya na pensheni yake, kisha akafanya kazi Minnesota miaka 12, alikuwa anakatwa. Kanuni hiyo ilifutwa kwa sheria iliyotiwa saini tarehe 5 Januari 2025, na ufutaji ukahesabiwa kuanzia mafao ya Januari 2024. Kama uliwahi kuambiwa usijisumbue kuomba kwa sababu una pensheni ya nyumbani, omba sasa. Kama ulikuwa ukipunguziwa, barua yako inapaswa kuonyesha kiasi kipya.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Wenye kipato kikubwa hulipia Sehemu B zaidi ya 202.90: mwaka 2026 nyongeza hiyo huanza kwa anayepita dola 109,000, au 218,000 kwa wanandoa, na ngazi ya kwanza ni 284.10 kwa mwezi. Kinachotazamwa ni ritani ya miaka miwili nyuma, yaani ya 2024. Wanandoa wauguzi waliokuwa wakichukua zamu za ziada hupigwa na hili wakiwa tayari wamestaafu. Kuna fomu ya kueleza kwamba kazi imekoma, na inafaa kuijaza. Dawa zinazolipiwa chini ya Sehemu D zina kikomo cha dola 2,100 kwa mwaka kutoka mfukoni mwako, na ukifika hapo hulipi tena mpaka Januari. Na anayejiwekea akiba ya uzeeni kazini, kwenye mpango uitwao 401(k), mwaka 2026 anaweza kuweka hadi dola 24,500, pamoja na 8,000 za ziada akiwa na miaka 50 au zaidi. Hongera kwake.

Limebaki la safari, maana wengi wetu tunapanga kuzeekea nyumbani, au angalau kukimbia baridi ya Desemba mpaka Februari. Mafao ya Social Security ya raia wa Marekani humfuata karibu nchi zote duniani. SSI haivuki mpaka: ukikaa nje siku 30 mfululizo inasimama, na haianzi tena mpaka ukae ndani ya Marekani siku 30 mfululizo. Wiki sita za harusi na matanga zinaweza kugharimu miezi miwili ya malipo, au zaidi.

Medicare nayo kwa kawaida hailipi matibabu ya nje, kwa hiyo hospitali ya Nairobi au ya Muscat ni kwa pesa yako. Hata hivyo ada ya Sehemu B inaendelea kukatwa kila mwezi. Kishawishi cha kuifuta ni kikubwa, na kwa anayerudi moja kwa moja huenda ni uamuzi wa busara. Ila akibadili mawazo, kwa kila miezi 12 kamili aliyokaa bila bima hiyo anaongezewa asilimia 10 ya ada, na si kwa mwaka mmoja bali kwa muda wote atakaokuwa nayo. Miaka mitatu nje ni asilimia 30, ambazo kwa ada ya 2026 ni karibu dola 61 juu ya 202.90 kila mwezi. Na kwa kuwa asilimia hiyo hupigwa juu ya ada ya mwaka husika, ada ikipanda Januari, adhabu nayo inapanda.